Siku Nane za Kikwajuni

Ussi alikataa kupokea barua ya posa kabla hajaiona kwa macho yake kazi ninayofanya.

"Mwambie anipeleke huko anakofanya," alimwambia dada yake, Asmahan. "Mtu aniambie kazi yake ni kutembeza watu katika nyumba ya marehemu Mzungu, nami nimwambie haya, chukua dada yangu? Sivyo."

Asmahan alinisimulia maneno hayo kwa simu, akaiga na sauti ya kaka yake. Nilicheka, lakini si kwa muda mrefu. Baba yao alikwishafariki, kwa hiyo Ussi ndiye aliyekuwa walii. Bila ya neno lake hapakuwa na ndoa, na sikuwa na hoja ya kumpinga, kwa sababu alichokitaka kilikuwa haki yake.

Basi Jumapili ya pili ya Mei, mwaka 2006, saa sita na nusu mchana, nilisimama kwenye maegesho ya Jumba la Aldermoor nikiwasubiri. Siku hiyo sikuwa na zamu. Nilivaa koti langu la Idi na tai ambayo mama aliipiga pasi mara mbili. Mama mwenyewe, Bi Sikuzani, alikuwa kando yangu na kapu la sambusa, kachori na visheti, na chupa mbili za chai. Tulitoka mtaani kwetu Lozells, Birmingham, kwa mabasi mawili na hakukubali hata mara moja nimbebee kapu lile.

"Mama, pale pana mkahawa," nilimwambia njiani.

"Mkahawa ni wao. Mie nakwenda kuonana na watu wa mke wa mwanangu. Siendi mikono mitupu."

Gari la Ussi liliingia taratibu, likapita nafasi tatu tupu, likasimama katika ya nne. Ussi alikuwa na gereji yake Stechford, na kila gari lililokuwa pale alilitazama kama daktari anayepita wodini. Nyuma yake akateremka Bi Zuwena, mama mdogo wa Asmahan, aliyemlea tangu uchanga wake. Halafu akateremka Asmahan.

Alikuwa amevaa baibui la kijivu na mtandio wa rangi ya zafarani. Aliniangalia, akainamisha macho. Mtazamo ule haukuchukua sekunde mbili. Nasema hivyo kwa sababu nina tabia ya kupima vitu, na kwa sababu nimekuwa nikiurudia tangu siku ile.

"Karibuni Aldermoor," nilisema.

"Tumekaribia," alijibu Ussi. "Nimepita baa, nikapita kanisa, ndiyo nikaona geti lenu. Wazungu wana mpango. Unatenda dhambi, unatubu, unakuja kunywa chai. Yote mwendo wa dakika tano."

"Dakika nane," nilisema. "Kwa miguu."

Asmahan aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

Mama na Bi Zuwena walisalimiana kwa muda mrefu kama ilivyo ada, wakaulizana hali, watoto, baridi na miguu. Walikuwa hawajawahi kuonana. Kila mmoja alimpima mwenzake kuanzia kanga mpaka viatu. Naona wote wawili waliridhika.

Jumba la Aldermoor lilijengwa mwaka 1624, la matofali mekundu, vyumba thelathini na kimoja, na kumi na vinne kati ya hivyo viko wazi kwa wageni. Liko ukingoni mwa Birmingham, pale nyumba za mistari zinapoishia na mashamba kuanza. Kuna ziwa dogo, bustani ya maua iliyozungushiwa ukuta, mkahawa katika mabanda ya zamani ya farasi, duka la jamu na vitambaa, na vyoo palipokuwa pa kufulia nguo. Mambo hayo huyasema mara sita kwa siku. Siku ile niliyasema nikijua kwamba msikilizaji mmoja ana uwezo wa kunipa maisha yangu au kuninyima.

"Vyumba thelathini," alisema Bi Zuwena, akitazama juu, "na choo lazima mtu atoke nje?"

"Zamani walitumia vyombo, Bi Zuwena. Watumishi walivibeba."

"Wallahi utajiri huu nao!"

Tukaingia. Katika chumba cha mwenye nyumba Ussi alisimama mbele ya kitanda chenye nguzo nne za mwaloni.

"Kifupi," alisema. "Nimesikia hawa watu walikuwa wakilala wamekaa."

"Kila mtu amesikia hivyo. Si kweli. Nguzo na mapazia ndivyo vinavyokifanya kionekane kifupi. Nimekipima. Ni kirefu kuliko changu kwa inchi mbili."

"Umekipima?"

"Nilikuta kila mwongozaji anasema lake."

Ussi aligeuka akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu, si kama muombaji. "Ningepata fundi mmoja kama wewe pale gereji," alisema. "Mmoja tu. Wale wangu wanasikiliza injini wanasema, 'Kaka, nahisi ni pampu.' Anahisi!"

Ukumbi mrefu wa juu ndio mahali nilipomwona Asmahan mara ya kwanza, Machi ya mwaka uliopita. Alikuja na wafanyakazi wenzake wa duka la dawa. Wenzake waliuliza habari za mizimu, kama watu wote. Yeye aliuliza nani alikuwa akipandisha kuni mpaka kwenye meko yale mawili ya moto. Nilimjibu kwamba sijui. Nilitafuta wiki tatu katika karatasi za nyumba, na aliporudi peke yake kuuliza jibu, nilikuwa nalo: wasichana wawili, ngazi sitini na mbili, mara nne kwa siku, kuanzia Oktoba mpaka Aprili. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umetafuta kweli." Hakuna aliyewahi kuniambia neno lililoniingia kama lile.

Sasa alikuwa kwenye dirisha lile lile, hatua kumi kutoka niliposimama. Ussi alikuwa akikagua dari. Mama na Bi Zuwena walikuwa wamekaa kwenye benchi la wageni, wakiongea habari za magoti.

"Anaendeleaje?" nilimuuliza kwa sauti ya chini, nikijifanya namwonyesha ziwa.

"Ameacha kukuita 'huyo bwana'. Tangu kile kitanda anakuita Muzamil."

"Hiyo ni nzuri?"

"Kwa Ussi? Ni karibu na mapenzi." Aliweka kidole juu ya kioo. "Miye sikulala jana. Nilikuwa nikijiambia, akikataa nitafanyaje? Nikakosa jibu. Wewe ungefanyaje?"

"Ningesubiri."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

"Wewe na sijui zako," alisema, lakini macho yake yalikuwa yamelegea, na nililazimika kutazama pengine.

Ussi alipouliza pa kusali, nilimpeleka kwa Pritam, mama wa Kipunjabi kutoka Handsworth aliyeuongoza mkahawa. Pritam alitufungulia stoo ya viti, akanikonyeza na kuniuliza kwa Kiingereza cha Birmingham kama leo ndiyo leo. Nikamwambia bado.

"Kibla?" aliuliza Ussi.

"Digrii mia na kumi na nane. Lile kabati la vikombe, kulia kwake kidogo."

Ussi alicheka mpaka akashika kiuno. Alitusalisha, na baada ya salamu alikaa akivuta tasbihi kwa muda. Kisha akasema bila ya kugeuka, "Mshahara si mkubwa, nimeuliza. Lakini hudanganyi. Nina mashemeji wawili tayari, na kila mmoja ananiletea gari na hadithi."

Wageni wanaruhusiwa kula kando ya ziwa, si katika bustani ya ukuta. Tulitandika mkeka pale, chini ya jua hafifu, saa nane na robo. Pritam alileta maji ya moto bila ya kuombwa. Watoto wa Kizungu walikuwa wakiwarushia mabata mkate, chini ya kibao kinachokataza kuwarushia mabata mkate. Ussi alikula sambusa tatu, akajifuta vidole kimoja kimoja, akamgeukia mama.

"Bi Sikuzani, leteni barua. Jumamosi ijayo, nyumbani Stechford. Mie sina pingamizi."

Mama alisema alhamdulillahi mara tatu. Bi Zuwena akapiga kigelegele kifupi, akajikatiza alipoona mzee mmoja wa Kizungu akishtuka na mbwa wake. Asmahan alikuwa akimimina chai. Aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika, na chai ikatiririka kwenye mkeka bila ya yeye kuona.

"Tazama mfamasia wetu," alisema Ussi. "Ndivyo mnavyopima dawa?"

Tukacheka sote. Ilikuwa furaha kamili na ilidumu kama dakika kumi.

"Huyu mnayemtaka," alianza Bi Zuwena, akimwonyesha Asmahan kwa kisheti, "msimwone hivi. Alikuwa mtoto wa kufa. Mama yake hakumlea hata siku kumi. Homa ya uzazi."

"Mungu amrehemu," alisema mama.

"Amin. Mie nilikuwa Tanga, na huyu Ussi nilikuwa naye kule, ana miaka sita. Simu ikanifika, nikapanda meli. Kufika Unguja nakuta dada amezikwa, mtoto kapakatwa na wanawake msibani, kafungwa kanga ya mtu nisiyemjua. Wakaniambia majirani wamemsaidia. Nikamchukua siku ile ile. Na Tanga nako kila wiki anaumwa, kila wiki anaumwa, mpaka bibi yetu akasema jina limemlemea, mbadilisheni. Ndiyo tukamwita Asmahan. Tangu hapo hajaumwa tena, ila mafua ya Birmingham."

"Mafua ya Birmingham hata ubadili jina mara kumi," alisema Ussi.

Nilicheka. Mama hakucheka.

"Kwanza aliitwa nani?" aliuliza.

"Sabra."

"Na dada yako alikuwa akikaa mtaa gani?"

"Kikwajuni Juu. Walipanga kwa mzee mmoja fundi wa saa."

Mama alikiweka kikombe chini. Hakukiweka juu ya sinia. Alikiweka juu ya nyasi, kikalala ubavu, naye hakukiinua.

"Salha," alisema.

Bi Zuwena alishusha mkono wenye kisheti. "Umelijuaje jina la dada yangu?"

Miezi kumi na minne nilikuwa nimemuuliza Asmahan kila kitu. Nilijua shule aliyosoma Tanga, mwaka aliokuja Uingereza, namba ya basi analopanda, dawa zinazompa mzio. Kila alipomtaja mama yake alisema "marehemu mama", nami kwa adabu nikaishia hapo. Mimi ninayepima vitanda vya watu waliokufa miaka mia tatu iliyopita sikuwahi kuuliza jina la mama yake.

"Tulikuwa ukuta mmoja," alisema mama. Alikuwa akiongea na nyasi. "Nilikuwa na huyu Muzamil, ana miezi mitano. Salha alichukuliwa hospitali. Mumewe alikuwa safarini. Mtoto alikuwa analia mpaka sauti ikakauka. Maziwa ya kopo yalikuwa hayapatikani. Ningefanyaje?"

Alipangusa nyasi kwa kiganja.

"Nilimnyonyesha."

Mtu wa nje angeliona ni kumbukumbu ya wema tu, na kweli ilikuwa wema. Lakini sisi sote watano pale mkekani tulijifunza jambo lile chuo cha Kurani kabla hatujajua kuandika: walionyonya ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Hapana wakili wa jambo lile, hapana rufani. Nilimtazama Asmahan. Alikuwa akinitazama tayari.

Ussi ndiye aliyepata sauti kwanza. Alikaa wima. "Mara ngapi?"

Mama aliendelea kuzitazama nyasi.

"Bi Sikuzani, nisamehe, lazima niulize. Kwa madhehebu yetu ni mara tano, za kushiba. Zikiwa tano ni ndugu. Zikiwa chini ya tano, si ndugu. Na kama hapana mwenye hakika ya idadi, basi haithibiti. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa." Alimgeukia Bi Zuwena. "Sivyo, mama?"

"Ndivyo," alisema Bi Zuwena. "Mie sijui lolote. Nilikuta mtoto na kanga."

"Basi ni wewe peke yako, Bi Sikuzani. Mara ngapi?"

Mama aliinua uso akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemsoma mwanawe kabla ya safari. Kisha akasema:

"Sikumbuki."

Pumzi zilitutoka sote kwa pamoja. Bi Zuwena akajipepea na ncha ya kanga. Ussi alijipangusa uso kwa viganja viwili. "Haya," alisema. "Haya. Shaka. Tutamuuliza sheikh, tumweleze kama ilivyo, lakini mie naona ni shaka."

"Basi," alisema Asmahan. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Kasema hakumbuki. Basi, jamani. Tule."

Akanitazama. Sijapata kuombwa kitu kwa macho kama nilivyoombwa pale.

Nami nilijua. Mama yangu anakumbuka kila chanjo niliyochomwa na mkono niliochomwa. Asubuhi ile, ndani ya basi, alikuwa amemwambia mwanamke wa Kijamaika asiyemjua kwamba jino langu la kwanza lilitoka Alhamisi, mvua inanyesha. Katika miaka yangu ishirini na minane sikuwahi kumsikia akitamka neno lile.

Ningeweza kuchukua kachori. Najua hivyo. Ilikuwa mbele yangu.

"Mama."

"Kunywa chai, mwanangu."

"Mtoto alikuwa akiletwa kwetu, au wewe ulikuwa ukienda kwao?"

"Muzamil," alisema Asmahan.

"Kwao hapakuwa na mtu," alisema mama polepole. "Alikuwa kwetu."

"Akilala kwetu?"

"Mama yake yuko hospitali. Angelala wapi?"

"Muzamil, nakuomba."

"Siku ngapi?"

"Shemeji, acha," alisema Ussi. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Acha hapo hapo ulipo."

Mama aliushika mkono wangu. "Nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha. Usiniulize."

"Niambie tena kwamba hukumbuki," nilisema. "Nitazame, uniambie mara ya pili. Ukiniambia, nitanyamaza maisha yangu yote."

Alifumbua mdomo. Niliziona juhudi zake. Mwanamke yule hajui kusema uongo. Aliuweza mara moja, kwa ajili yangu, na nguvu zake ziliishia pale.

"Siku nane," alisema. "Usiku na mchana. Wewe ziwa la kulia, yeye la kushoto. Ulikuwa ukimpiga teke."

Ussi akasema, "Inna lillahi," akainama.

Kilichofuata sikukitarajia. Bi Zuwena alitambaa juu ya mkeka kwa magoti yake mabovu, akapita juu ya sinia la sambusa, akamkumbatia mama kwa nguvu. "Kumbe ni wewe," alikuwa akisema. "Miaka ishirini na minane namwombea dua mwenye ile kanga, simjui jina. Kumbe ni wewe." Mama alikuwa akilia naye akisema nisameheni, nisameheni, na Bi Zuwena akimjibu, tukusamehe nini, usingekuwa wewe tungekuwa na kaburi la pili. Walilia kilio kimoja chenye mambo mawili ndani yake. Watoto waliacha mabata wakawatazama.

Asmahan aliinuka. Alikwenda mpaka ukingoni mwa maji akasimama na mgongo wake kwetu. Nilimfuata, kwa kuwa hapana aliyenizuia.

"Ungeweza kuacha," alisema.

"Ningejua."

"Usingejua. Ungedhani. Watu wanaishi na kudhani, Muzamil. Wanazaa, wanazeeka, wanazikwa."

"Ningekuangalia kila asubuhi nikijiuliza."

"Miye ningekubali kuangaliwa hivyo."

Nilitafuta hoja, na zilikuwepo, zote sahihi. Nikazisema. Nilisema haramu haigeuki halali kwa kufumba macho. Nilisema mama angebeba mzigo ule peke yake mpaka siku ya kufa.

"Alikwishakubali kuubeba," alisema. "Alikubeba wewe, akanibeba na mie, akakubali kuubeba na huu. Ukamnyang'anya mikononi."

"Asmahan."

"Najua ni haramu. Sasa najua, na nikijua siwezi kurudi nyuma, mie si mtu wa hivyo. Lakini nusu saa iliyopita sikuwa najua, na Mungu hakuwa ameniandikia kitu." Alijifuta pua kwa nyuma ya mkono, kama mtoto. "Unajua kilichonifanya nikupende? Zile kuni. Nilisema, huyu mtu akiulizwa kitu hatulii mpaka akijue. Nikasema, huyo ndiye ninayemtaka."

"Nifanye nini?" nilimuuliza.

"Hapana la kufanya. Hilo ndilo ninalokwambia."

Nilisimama kando yake. Ningeweza kumwambia kina cha ziwa lile na mwaka lilipochimbwa. Hicho ndicho nilichokuwa nacho.

Saa kumi na nusu mlinzi alianza kupita akiwakumbusha wageni kwamba geti linafungwa saa kumi na moja. Tukakunja mkeka. Mama na Bi Zuwena walitangulia wameshikana viwiko, wakitembea kwa mwendo mmoja, na Bi Zuwena akauliza huko Lozells ni basi gani, maana atakuja Jumatano. Ussi alilibeba kapu, na mama hakumkatalia. Pritam alikuwa mlangoni mwa mkahawa anafuta kibao cha keki. Aliinua dole gumba kuniuliza. Nilitikisa kichwa, naye akalishusha taratibu.

Kwenye maegesho Ussi aliwaingiza akina mama kiti cha nyuma. Alikataa katakata mama apande basi. Kisha akaingia, akawasha injini. Asmahan alikuwa amefika kwenye mlango wa mbele. Aliugusa, akauacha, akarudi mpaka niliposimama.

Katika miezi kumi na minne sikuwahi kuugusa mkono wake. Hatukuwahi kukaa chumba kimoja bila ya mtu wa tatu, hatukuwahi kupanda gari moja. Tulipopeana kitabu, mmoja alikiweka juu ya meza na mwenzake akakiokota. Ndivyo tulivyolelewa, na tulikuwa tunasubiri.

Akaunyoosha mkono wake.

"Shika," alisema. "Si unaruhusiwa sasa?"

Nikaushika. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyokadiria, na wa baridi, na chini ya kidole gumba palikuwa na kovu ambalo sikulijua. Nilitaka kumuuliza lilitokana na nini. Nikajizuia. Vidole vyake vilibana vyangu, vikabana tena, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila ya sauti, yakidondokea mtandio.

Watu walikuwa wakipita kuelekea magari yao. Nilitazama juu ya bega lake. Ussi alikuwa ametuona. Alikuwa anatutazama kupitia kioo cha mbele, mimi na dada yake tumeshikana mikono hadharani, mchana kweupe. Nilisubiri apige honi, au ateremke, au aniite kwa sauti yake ile. Hakufanya hivyo. Alitutazama kidogo, akageuza uso upande wa pili, akaizima injini.